Mlango wa Hodi

Pendekezo la Eliamani lilipanda ubaoni Jumatatu, saa tatu na dakika kumi asubuhi, nikiwa namsuka Ganile nywele. Simu ilitetemeka juu ya stuli. Nikaisoma kwa jicho moja, chanuo mkononi, na nilipofika mstari wa tatu vidole vyangu vikasimama.

"Mama, huku bado," Ganile akasema, akagusa upande wa kushoto, nyuma ya sikio, pale penye kifundo kidogo cha chuma chini ya ngozi. "Huku umeruka."

"Sijaruka. Napumzika."

"Umechoshwa na nywele zangu?"

"Nimechoshwa na kichwa kinachogeukageuka kama kuku anayevizia mtama."

Akacheka, akageuka tena makusudi. Ana miaka sita. Nikaisoma simu mara ya pili, nikitumaini nimekosea.

PENDEKEZO: Kuufumua mlango wa hodi kutoka kwenye kiini cha Ukindu. Sababu: wote tunaijua. Watakaoguswa: watu kumi na tisa wenye masikio ya kizazi cha kwanza. Siku saba. Eliamani Mchome, Same.

Ukindu ni mfumo endeshi usio na mwenyewe. Umesukwa na watu mia nne na ushei, wengi wetu hatujawahi hata kupeana mikono. Kila mmoja ameingiza uzi wake kama wanawake wanavyosuka mkeka mmoja kutoka pande mbili. Ndio unaoendesha pampu za moyo, miguu ya bandia, vipimo vya sukari na masikio ya kupandikizwa, kuanzia Pemba hadi Kisumu na huku kwetu Tukuyu. Msimbo wake uko wazi. Anayetaka anausoma, anaurekebisha, anaupinga. Mambo yote hujadiliwa ubaoni, mbele ya kila mtu, na sheria za ubao ni mbili tu.

Ya kwanza, pendekezo likikaa siku saba bila kupingwa, limepita. Kimya ni ridhaa, kama bibi harusi wa zamani alipoulizwa na shehe akatazama chini. Ya pili, anayeandika "Sikubali" aweke na sababu, kisha ashike kazi yeye mwenyewe. Neno na mkono, ndivyo tunavyosema. Na kama aliyeandika ni mtunzaji wa sehemu inayoguswa, pendekezo linasimama siku tisini ili amalize kazi aliyoahidi.

Mtunzaji wa masikio ni mimi, Subilaga Mwambungu. Na kati ya wale watu kumi na tisa, mmoja alikuwa amekaa sakafuni katikati ya magoti yangu, ananidai upande wa kushoto.

*

Niseme huo mlango ulitoka wapi, maana niliujenga mimi.

Ganile alizaliwa hasikii. Alipotimiza mwaka akawekewa sikio, kwa msaada, na siku linawashwa alisikia kijiko kikigonga sahani akalia hadi akatapika. Miezi sita baadaye kiwanda kilichotengeneza masikio yale, huko ng'ambo, kikafunga milango. Hatukujua hilo linatuhusu nini. Kumbe sikio la kizazi cha kwanza halina pa kuhifadhi programu yake. Kila likichajiwa linasahau kila kitu isipokuwa namna ya kubisha, na asubuhi linabisha kwenye mnara ulio karibu, linaomba programu upya. Asubuhi moja watoto zaidi ya mia tatu waliamka, masikio yao yakabisha, na hakukuwa na wa kuitika.

Wakati huo nilikuwa nasoma masomo ya jioni ya kompyuta, katika kituo kimoja nyuma ya soko, Ganile mgongoni. Mwalimu alikuwa ametufundisha Ukindu kwa sababu ulikuwa wa bure. Nikaandika mistari arobaini na moja. Nikaiambia minara yote na vifaa vyote vinavyotumia Ukindu hivi: akija mtu anayesema lugha ya zamani, akipiga hodi mara tatu, mwitikieni karibu, mumpe anachotaka.

Mmoja wa wakaguzi akaniuliza ubaoni, "Na jina lake humuulizi?"

Nikajibu, "Mgeni haulizwi jina akiwa bado mlangoni."

Watu wakacheka, wakasifu. Mwalimu wangu akalisomea darasa zima. Ukweli ni kwamba kumbukumbu ya sikio lile ni ndogo mno, haibebi ufunguo, kwa hiyo hata ningetaka kuuliza jina lisingekuwa na jibu la kutoa. Lakini sikusema hivyo. Nilisema lile neno zuri, na likapita bila kupingwa, na kesho yake watoto mia tatu wakasikia.

Wengi wao wamekua wakawekewa masikio mapya. Ganile hawezi bado. Mfupa umeota juu ya la kwanza, na daktari ametuambia tusubiri hadi afike miaka kumi na miwili, labda.

Mwezi wa tatu mwaka huu mtu tusiyemjua alipiga hodi mara tatu kwenye pampu ya moyo ya mama yake Eliamani. Pampu ikaitika karibu. Haikuuliza jina. Yule mtu akaiambia ilale, ikalala.

Mama huyo, Bi Nakiete, alikuwa uani, anaosha tangawizi. Nilimjua kwa sauti tu, ya kwenye simu. Sikio la Ganile lilipoamka tena alinitumia kifurushi cha tangawizi kutoka shambani kwake, na kikaratasi: Jichemshie mwenyewe, mama, mtoto akianza kusikia mama ndiye anayekosa usingizi.

Kila mstari wa Ukindu unabeba jina la aliyeuandika. Ile arobaini na moja inabeba langu. Tangu mwezi wa tatu hakuna mtu hata mmoja aliyelitaja.

*

Jumatano jioni huwa tuna kikao cha sauti. Bi Thuwaiba ndiye mshika ubao. Yuko Pemba, alifanya kazi ya mitambo ya simu maisha yake yote, na kikao chake hakianzi mpaka kila mtu amemsalimia.

"Ogola hajafika?" akauliza.

"Miguu imefika, mwenyewe yuko njiani," Ogola akajibu kutoka Kisumu. Yeye ndiye mtunzaji wa miguu ya bandia, na utani huo huurudia kila wiki.

"Haya. Tuna pendekezo la Eliamani, siku ya tatu leo. Subilaga, mwanangu, upo?"

"Nipo, Bi mkubwa."

"Tuambie kazi imefika wapi."

Nikawaambia. Kama sikio lingeweza kubeba ufunguo mpya, lingeuliza na kujibu majina kama vifaa vingine, na mlango wa hodi tungeufumua bila kumwumiza mtu. Tangu mwezi wa tatu nilikuwa napunguza programu ya sikio ili ufunguo upate pa kukaa pasipofutika. Nilitoa kichujio cha upepo. Nilitoa sauti za juu, ndege na filimbi. Nilitoa muziki. Jumapili moja Ganile aliniuliza kanisani kwa nini kwaya inalia kama masufuria, nikamwambia wana mafua.

"Umebakiza kiasi gani?" Bi Thuwaiba akauliza.

"Nahitaji baiti mia na kumi na mbili zaidi."

"Si nyingi hizo," Ogola akasema. "Hizo ni kama jina langu na ukoo wangu."

"Kilichobaki ni maneno tu, Ogola. Nikitoa kingine chochote, atasikia mngurumo."

Wanaijua kazi, hawakuhitaji nirudie. Nilikuwa nimepiga hesabu hiyo kwa njia tisa na nikawawekea zote tisa ubaoni. Watu wenye akili kunishinda walikuwa wamezipitia, na chini ya kila moja waliandika wamesikitika.

"Wacha niseme," Ogola akaanza, na safari hii hakukuwa na utani. "Dada Subi haandiki, na ninajua kwa nini haandiki. Basi nitaandika mimi. Sikubali. Nina vidole kumi."

"Neno unalo," Bi Thuwaiba akamwambia. "Hilo hukulikosa tangu uzaliwe. Mkono je? Kazi ya masikio utaifanya wewe? Masikio unayajua?"

"Najua kuna la kulia na la kushoto."

Mtu mmoja akacheka, wengine wakafuata, kile kicheko cha msibani. Nilimsikia hata Eliamani. Kisha akakohoa, tukamwachia nafasi.

"Mimi sina mengi," akasema. "Watu elfu arobaini na moja wana pampu. Ule mlango uko wazi kwenye kila moja, na tukiufunga kwenye pampu tu, bado mnara ukimwitikia mtu atapitia huko. Aliyeingia kwa mama anaweza kuingia leo kwingine. Sijaleta pendekezo kwa hasira, naomba dada Subi ajue. Nimekaa nalo miezi miwili. Nilikuwa nangoja zile baiti, kama yeye."

"Najua, kaka," nikasema.

"Basi."

Bi Thuwaiba akafunga kikao kwa dua fupi, kama kawaida yake, lakini hakukata simu yangu. Tukabaki wawili.

"Mwanangu, sikwambii uandike wala usiandike," akasema. "Nakwambia tu, hapana atakayekulaumu kwa lolote kati ya mawili."

"Hilo ndilo sitaki, Bi mkubwa."

"Najua," akasema. "Basi nenda kale."

*

Lusekelo, mume wangu, ni fundi wa zile mashine za kuchuma chai zinazotambaa mteremkoni kama kaa. Anaamini kila kitu kina spana yake. Siku ile alikuja na kisanduku cha bati amekibana kwapani.

"Nimepata," akasema kabla hajavua viatu. "Mnara haumjibu mtoto? Tunajenga mnara wetu. Mdogo, wa mezani. Anabisha hodi hapa hapa nyumbani, sisi tunaitika."

"Nilishaujenga mwezi wa nne, ulipokuwa Mufindi."

"Hukuniambia."

"Sikio lile linasikia masafa ya mnara tu. Nikirusha kwa masafa hayo, sauti yangu inafunika ya mnara mteremko mzima. Mzee Ambakisye pale ng'ambo ya barabara pampu yake ilikosa mnara kwa dakika nne. Alikaa chini kwenye ngazi, akadhani ni uzee. Niliuvunja kwa nyundo."

Akakiweka kisanduku mezani polepole, kando ya sahani ya ndizi na maharage. Tukala. Ganile alikuwa sebuleni anamfokea mwanasesere wake kwa sauti yangu: "Kaa vizuri, nitakuchapa, umeoga wewe?"

"Basi andika Sikubali," Lusekelo akasema. "Neno moja. Siku tisini. Halafu tisini nyingine."

"Neno lina sababu yake, na lina ahadi ya kazi. Niahidi nini? Hesabu haiingii, mume wangu."

"Sema bado unajaribu."

"Itakuwa uongo."

"Ni uongo wa mama." Akaisukuma sahani. "Watu elfu arobaini na moja, Mama Ganile. Unamjua hata mmoja?"

"Nilimjua mmoja."

Akainuka akaenda kusimama mlangoni, ananipa mgongo, anatazama mvua yetu ya Tukuyu isiyochoka. Nilidhani ameshindwa. Kumbe alikuwa anakusanya nguvu.

"Yule bibi amekufa," akasema bila kugeuka. "Nasikitika. Mungu amrehemu. Lakini huyu yuko hai, yuko hapo sebuleni, anazungumza kwa sauti yako. Ukimnyamazishia dunia kwa mkono wako mwenyewe, utalalaje?"

Nilikusanya vyombo. Alipokuja kunisaidia kuvikausha, nikamshika kiuno kwa mikono yangu yenye sabuni, tukakaa hivyo mpaka Ganile alipoingia kuuliza nani kamaliza ndizi.

*

Ujumbe wa Eliamani ulikuja Ijumaa, si ubaoni, kwangu peke yangu.

"Dada, ukiandika Sikubali sitapinga. Wala sitauliza sababu. Mama angeniambia hivyo hivyo. Alikuwa na desturi ya kuniuliza, yule mtoto wa Tukuyu ameshajua kusema tangawizi?"

Nikakaa na simu hiyo mapajani. Kama angenitukana ningeandika Sikubali siku hiyo hiyo, na labda ningelala. Nikamjibu, "Anasema tangausi." Akanitumia alama ya mkono kifuani. Hatukuandikiana zaidi.

Jumamosi nilifungua ubao mara nne. Mara nne niliandika Sikubali, na mara nne nikafika kwenye mstari wa sababu. Mara ya kwanza niliandika kazi inaendelea. Nikafuta. Mara ya pili niliandika naomba muda. Nikafuta. Mara ya tatu sikumbuki. Mara ya nne niliandika jina la mwanangu, herufi sita, na nikaona kwamba hiyo ndiyo sababu pekee ya kweli niliyo nayo. Nikaitazama mpaka skrini ikazimika yenyewe. Nilipoiwasha tena nikafuta hilo nalo, herufi moja moja.

Wale wengine kumi na wanane niliwapigia mwenyewe, kila mmoja. Wawili ni wazee ambao hawakuwa wanayatumia masikio hayo tena. Mmoja, mwalimu wa Songea, alilia na mimi, kisha akaniuliza kama kwetu nako kuna sikio kama lake, nikamwambia lipo. Akasema, "Pole, mama. Basi umenitangulia." Mama mmoja alinikatia simu. Sikumrudia, ana haki yake.

Ganile nilimwambia mwisho, Jumapili baada ya ibada, tukiwa tumekaa kwenye benchi la nje la kanisa tunakula mahindi ya kuchoma.

"Kesho sikio lako litasinzia," nikasema, huku nikitumia na mikono. Tangu alipokuwa na miaka minne tunasoma lugha ya alama kila Jumamosi, yeye na mimi, na Lusekelo anakuja akikosa kazi. Baba mtu anajua alama kama kumi, tano kati yake ni za chakula. Nilikuwa nimeogopa siku hii mapema, hilo najipongeza. "Halitaamka mpaka uwe mkubwa, upate jingine."

"Nitakuwa kama Tusa?"

Tusa ni rafiki yake wa darasa la Jumamosi. "Ndiyo."

"Tusa hagombezwi," akasema, akatafuna. "Mwalimu akimgombeza anafumba macho." Akalifikiria hilo kwa muda na nikaona limempendeza kidogo. Halafu uso ukabadilika. "Nani amesema lisinzie?"

Hapo ningeweza kusema kiwanda. Ningeweza kusema mnara, au ubao.

"Mimi," nikasema. "Mimi ndiye nitakayetia sahihi."

"Basi usitie."

"Kuna mlango niliutengeneza ili sikio lako lipite. Mtu mbaya akaupitia huo huo. Bibi mmoja akafa."

"Bibi nani?"

"Bibi Nakiete. Yule wa tangausi."

Akaacha kutafuna. Hakuwahi kumwona, lakini tangawizi ile tulikunywa mwaka mzima. "Na usipoufunga atakufa tena?"

"Yeye hapana. Mwingine."

"Ana watoto?"

"Sijui, mama. Pengine."

Akaniangalia, kisha akayaangalia mahindi. Akang'oa punje za mwisho kwa kidole, akazila moja moja, kwa ghadhabu. Hakuniambia sawa. Njia nzima ya kurudi alimshika mkono baba yake tu.

*

Jumatatu, saa tatu na dakika kumi, siku ya saba ikatimia. Ubao mzima ulikuwa umenyamaza. Mia nne na ushei, hakuna aliyeandika hata kuhusu jambo jingine. Kimya kilitosha kulipitisha pendekezo. Lakini kuufumua mlango wenyewe kulihitaji sahihi ya mtunzaji.

Nilimwamsha Ganile mapema siku hiyo na kumvalisha kile kipande cha nje cha sikio, kimechajiwa kikajaa. Likabisha kwenye mnara kwa mara ya mwisho, likapewa programu. Programu hiyo ingekaa humo mpaka betri iishe, na ikichajiwa tena hodi yake isingeitikwa. Betri ilikuwa ya zamani. Ingeweza kufika jioni, ingeweza kuishia adhuhuri. Nikaona watoto wawili wa jirani wakienda shule, nikamwambia wa kwangu leo haendi.

Kisha nikakaa mezani nikatia sahihi. Ile mistari arobaini na moja ilionekana kwenye skrini ikiwa nyekundu, kila mmoja na jina langu pembeni, halafu haikuonekana tena. Minara ikaanza kuitikia mmoja mmoja, Same, Voi, Chake Chake, Kisumu. Bi Thuwaiba akaandika neno moja, "Limesukwa," kama aandikavyo kila pendekezo likishaingia. Eliamani hakuandika. Baadaye nilisikia alikuwa ametoka, amekwenda kaburini kumwambia mama yake.

Lusekelo aliomba ruhusa kazini. Asubuhi alimwimbia Ganile nyimbo zote alizozijua, vibaya, masufuria kwa masufuria, na Ganile akamwambia baba inatosha. Walicheza karata kwa kelele. Mimi nilipika na kuacha kila kifuniko kianguke. Ilipofika saa nane mvua ikakatika, na Ganile, ambaye tangu jana alikuwa hajanisemesha, akaja akanishika kanga.

"Tusa nikimtaka inabidi nimfuate nimguse," akasema. "Akiwa amenipa mgongo hata niite vipi hajui. Tukacheze kuitana."

"Kuitana vipi?"

"Mimi nakwenda mbali. Nakupa mgongo. Wewe unaniita. Nikisikia nanyoosha mkono."

Tukatoka wote watatu hadi juu ya mteremko wa chai. Chini, mashine za Lusekelo zilikuwa zinatambaa kwenye mistari ya mbali. Ganile akashuka katikati ya chai, sweta jekundu, akahesabu hatua ishirini kwa sauti, akasimama, akanipa mgongo.

"Ganile," nikaita.

Mkono ukanyooka juu.

Akashuka hatua ishirini nyingine. Nikaita kwa sauti ile ile. Mkono. Akaniambia niite kama nimekasirika, nikaita, mkono. Niite kama chakula kiko tayari. Niite kama mgonjwa. Niite jina lote, nikaita Atuganile binti Lusekelo, mikono yote miwili ikaenda juu na nikamsikia anacheka mwenyewe huko chini. Lusekelo akaita mara mbili, mara ya tatu sauti ikamkatika akakaa kwenye nyasi.

Sijui tulicheza muda gani. Kila baada ya kunyoosha mkono alikuwa anasogea tena, mpaka sweta likawa dogo kama tunda la mbuni. Sikuwa nimepandisha sauti. Nilikuwa naita kama mtu anavyomwita mwanawe aliye chumba cha pili.

"Ganile."

Mkono ukanyooka.

"Ganile."

Mkono.

"Ganile."

Alikuwa amesimama vizuri sana, miguu pamoja, mikono imebana mapajani, anangoja. Upepo ukapita juu ya chai. Nikaita tena, kwa nguvu kidogo. Nikaita kama chakula kiko tayari. Lusekelo akainua uso kutoka kwenye magoti yake akanitazama, na sikumtazama, nikaita tena, safari hii kwa sauti yangu yote, mpaka mwanamke mmoja kwenye barabara ya chini akageuka. Ganile hakugeuka. Alikuwa bado anangoja, kwa uaminifu wote, akiamini kwamba mimi ndiye niliyekuwa bado sijaita.

Nikashuka. Maji ya mvua yaliloanisha gauni hadi magotini. Nilitembea moja kwa moja kati ya mistari, sikukimbia, maana sikutaka afikiri kuna hatari, na nilipofika nikasimama nyuma yake nikamgusa bega.

Akashtuka, akaniangalia kutoka chini, nywele zake zile za upande wa kushoto zimeanza kufumuka. Akasema kwa sauti kubwa kuliko inavyostahili, "Mama, hujaniita."

Nikapiga magoti kwenye tope ili mikono yangu iwe mbele ya macho yake. Nikamwambia kwa alama, polepole, kila moja ikae.

Nimekuita. Sikio limesinzia, nikakufuata.